Mizani ya Mume Wangu

Mume wangu alipoanza kuyumba, mtaa wetu wa Ufukoni nzima ulijua sababu kabla yangu. Ulikuwa msimu wa mabibo, na Mtwara mtu akiyumba msimu wa mabibo haulizwi anaumwa nini, anaonyeshwa njia ya kwao akalale. Bibo, tunda la mkorosho, likikamuliwa asubuhi ni maji matamu ya watoto, likilala kidogo linakuwa uraka, na uraka haumwachi mtu akatembea kama alivyotoka nyumbani. Sasa mume wangu hakuwahi kuonja uraka tangu azaliwe. Alikuwa mtu wa kahawa na tasbihi.

Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye huruma ya kusikika nyumba ya saba, alikuja kunipa pole. "Vumilia shoga, wanaume ndio walivyo." Nikamwambia wangu hanywi. Akasema, "Hata wangu hanywi," na huyo wake tulikuwa tukimwokota mtaroni kila mwisho wa juma.

Kilichokuwepo ni hiki. Mwenzangu aliamka asubuhi akashika ukuta, akasema nyumba inazunguka. Nikamwambia nyumba ipo pale pale, na kodi yake pia. Akatapika. Sikio la kushoto likawa linavuma kama mashine ya kukoboa mpunga, na mtu akisema naye upande huo hasikii. Kizunguzungu kilikuja, kikaondoka, kikarudi na mizigo yake kabisa. Dada yake alisema ni mimi niliyemfanyia kitu. Mama yangu, kule Mikindani, alisema ni dada yake. Walipokutana nyumbani kwangu walisalimiana vizuri sana, kila mmoja akimchungulia mwenzake mikononi.

Kazi yake lazima niieleze, maana balaa lote lilipita hapo. Alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, kwenye ghala lililokuwa njia ya kwenda Naliendele. Mkulima akileta korosho, gunia linawekwa juu ya bati la mizani, mume wangu anasogeza lile jiwe dogo kwenye mkono wa shaba mpaka mkono ukae katikati, kisha anatamka uzito kwa sauti. Hakuna mtu anayechukiwa kwa heshima kama karani wa mizani. Wakulima walimwamkia, wakamchekea, wakamuulizia hali ya watoto, na wakishampa mgongo walisema mizani yake inakula. Mimi najua hakuiba. Angeiba, wa kwanza kuona dalili ningekuwa mimi, na katika miaka yote ile sikuona dalili hata ya kanga moja ya zaidi.

Mwisho wa msimu ule alianguka juu ya magunia, mbele ya watu, jiwe la mizani likiwa bado mkononi. Mwenyekiti wa ushirika akaagiza apelekwe hospitali. Nilikwenda naye, kwa kuwa mtu asiyesikia sikio moja hawezi kuachwa peke yake na daktari Mzungu.

Daktari alikuwa kijana, mgeni wa mwaka ule, mwembamba, mwenye moyo safi na Kiswahili alichokipata kwenye kamusi. Hakuna kitu cha hatari kama Kiswahili cha kamusi kwenye kinywa cha mtu mwenye moyo safi. Alimsimamisha mume wangu miguu pamoja, akamwambia afumbe macho. Mume wangu akaenda upande wa kushoto kama gunia lililoegeshwa vibaya, tukamdaka. Akamwambia apige hatua pale pale alipo, asiende mbele, macho yakiwa yamefumbwa. Alianza akilitazama kabati la dawa, akamaliza akiutazama mlango.

Daktari akatueleza, na nilimwelewa, maana alitumia mikono. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye maji, na hivyo ndivyo vinavyouambia mwili juu ni wapi na chini ni wapi. Vya kushoto vimeharibika. Atapewa vidonge, ataacha chumvi, ataacha kahawa, atafanya mazoezi ya kugeuza kichwa na macho. Na vile vipimo vya kusimama na kupiga hatua vitarudiwa rudiwa, ili ijulikane kama dawa inafanya kazi. "Mgonjwa anasema amepona, anataka kazi," alisema. "Miguu haisemi uongo."

Hapo tungeshukuru tukaenda zetu. Lakini daktari alitaka ugonjwa wenyewe tuupate kwa jina. Akafungua kamusi yake ndogo kutafuta neno la ule usawa wa mwili, kidole kikashuka, kikasimama, uso ukang'aa. Na kwa kuwa mume wangu alikuwa kiziwi upande ule, akapaza sauti. Na dirisha lilikuwa wazi. Na nje ya dirisha ilikuwa baraza ya wagonjwa, nusu yao wakulima wa korosho.

"Bwana Karani!" alisema daktari. "Mizani yako ni mbovu! Mbovu sana! Inalala upande mmoja!"

Barazani watu waligeuza shingo dirishani. Hata watoto waliokuwa wakililia sindano walinyamaza.

"Pole," aliendelea, kwa huruma, na kwa sauti ile ile. "Nafikiri ni mbovu miaka mingi."

Sauti ya mtu mzima ikatoka barazani: "Si tulisema?"

Habari ilifika nyumbani kabla yetu, na ilikuwa imeoga na kubadilisha nguo njiani. Serikali, eti, imeleta mtaalamu kutoka Ulaya kuja kuchunguza mizani za korosho, na ya kwanza kukamatwa ni ya mume wangu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lilikuja usiku huo huo kwa miguu ya mjumbe wa ushirika: kamati itakutana kesho.

Mwenyekiti wa kamati hiyo, yule yule wa ushirika, alikuwa mtu wa mkoba. Alitembea nao kila mahali na sijawahi kumwona akiufungua. Mume wangu aliwaeleza habari za sikio, vijifereji na maji. Wakamsikiliza kwa makini kama watu wanaosubiri chai. Kisha wakaamua: karani asimamishwe kazi mpaka mizani ipone, na kama haijapona hadi ununuzi utakapofunguliwa msimu ujao, nafasi apewe mwingine. Mjumbe mmoja akauliza, "Ipi, yake au yetu?" Mwenyekiti akajibu, "Mizani ni mizani," wakafunga kikao.

Niliumia. Si kwa ajili ya kazi tu, ingawa watoto hawali heshima. Niliumia kwa sababu yule mwanaume aliacha kwenda msikitini. Alisema watu wanamtazama miguu. Akikosea hatua ni mlevi, asipokosea ni mwizi mwenye bahati. Alikaa ukumbini, ameshika nguzo, akiisikiliza mashine yake ya mpunga. Mimi si mwanamke wa kubembeleza. Nikamwambia, "Inuka, baba watoto. Utapona, na utarudi kwenye ile mizani mbele ya macho yao." Nilisema kama mtu anayejua. Sikuwa najua kitu.

Daktari aliniteua mimi kuwa mpimaji wa nyumbani: kila asubuhi, kabla hajala, miguu pamoja, macho yafumbwe, kisha hatua za pale pale, na mimi nitazame amegeukia wapi. Tatizo likawa pa kuanzia. Nyumbani kwetu kulikuwa na mstari mmoja tu usiobishaniwa, nao ni wa mkeka wa sala. Nikamsimamisha nyuma ya mkeka, ameelekea kibla, ambacho kwa Mtwara ni kaskazini. Akauliza kama atie udhu. Nikamwambia hii ni miguu, si sala, fumba macho.

Siku ya kwanza ya kupeleka taarifa daktari aliuliza, "Mama, amegeuka kiasi gani?"

"Ameishia Msumbiji," nikasema.

Akamtazama muuguzi. Muuguzi, mwenyeji wetu, akamfafanulia kwamba mgonjwa alianza kibla akageuka kwa kushoto mpaka akaelekea kusini. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Alikwenda ukutani akabandua ramani ya mkoa, akailaza mezani, na tangu siku hiyo ugonjwa wa mume wangu ulitibiwa kwa ramani. Akiishia Msumbiji, hali mbaya. Akiishia Naliendele, kati ya kusini na magharibi, kuna nafuu, dawa iendelee. Akifika Mikindani, magharibi, nafuu kubwa. Dawa iliongezwa tulipokwama Naliendele, ikapunguzwa alipoanza kusinzia mchana. Kwa mara ya kwanza nilielewa kazi ya kipimo. Mume wangu alisema "leo najisikia vizuri" kila siku, hata siku alizotapika. Miguu yake ilikuwa na ukweli zaidi kuliko yeye.

Chumvi ndiyo iliyonitesa. Kupika samaki bila chumvi katika mji wa samaki ni aibu ya mwanamke. Nilipika samaki changu, nikapika kolekole, vyote vikawa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Ajabu yake, nyumba nzima ilipokosa chumvi, majirani ndio walioitia. Kila aliyepita dirishani akamwona mtu mzima amefumba macho anapiga hatua bila kwenda popote, aliondoka na hadithi, na hadithi ilipofika sokoni ilikuwa haimezeki bila maji.

Mojawapo ilifika kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi: Karani kila alfajiri anapiga kwata akielekea Msumbiji. Siku hizo ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, Wareno walikuwa bado wamekalia nchi ya watu, na habari ya mtu kuelekea Msumbiji haikuwa ya kuchekwa. Mjumbe akaja, akakaa kitini, akaweka kofia gotini.

"Anafanya mazoezi ya nini?"

"Ya sikio, mjumbe."

"Sikio linapiga kwata?"

Nikamwambia asimame ajaribu mwenyewe. Alisimama kwa kujiamini kama kiongozi, akafumba macho, akapiga hatua. Alipofumbua alikuwa anaangalia jiko langu. Akasema hiyo si ishara ya ugonjwa, amesikia harufu ya samaki. Nikampakulia. Alikula tonge moja, akakumbuka ana kikao.

Kuna wiki moja nilidhani amepona. Kila asubuhi alianza kibla, akamaliza karibu pale pale. Nilimkimbilia daktari na habari njema. Akaniuliza, "Nyumba ina kimya?" Nikafikiri. Haikuwa na kimya. Saa ile ile muuza kahawa alikuwa akipita barabara ya mbele, upande wa kaskazini, akigonga vikombe vyake, na mume wangu, aliyekatazwa kahawa, alikuwa anaufuata ule mlio kwa miguu yote miwili. Daktari akasema sauti yoyote inampa mgonjwa njia, kipimo kinaharibika. Tukahamisha kipimo kabla ya muuza kahawa kuamka, na mume wangu akarudi Naliendele. Nilimkasirikia kana kwamba alinidanganya kwa makusudi. Alisema, "Sikujua, mama watoto. Mimi nilijiona nimesimama sawa." Maneno yale niliyakumbuka baadaye.

Kisha tukafika Mikindani, tukakwama. Majuma yalipita na haondoki Mikindani. Mama yangu alifurahi mno. Alisema hata ukimfumba macho mtu mwenye akili anajua kwa wakwe zake ni wapi. Mimi nilikuwa nahesabu maua ya mikorosho. Yalichanua, yakapukutika, mabibo ya kwanza yakaanza kuwa mekundu, na mume wangu bado Mikindani. Daktari akabadilisha mazoezi: ageuze kichwa huku anatembea, atembee mchangani, arushe chungwa mkono huu adakie mkono ule. Tulipoteza machungwa mengi.

Asubuhi moja alipiga hatua zake, akasimama. Nikatazama miguu yake, nikatazama mkeka. Ilikuwa imenyooka nao. Nikasikiliza kama kuna muuza kahawa, kuna jogoo, kuna mtu yeyote. Kimya. Nikamwambia arudie. Akarudia, akaishia kibla. Nililia, sifichi. Yeye alibaki amefumba macho akiuliza, "Wapi? Niko wapi?"

Siku ya kufungua ununuzi kamati ilimtaka athibitishe mbele ya watu. Ghala lilijaa. Mwenyekiti alikuwepo na mkoba wake. Nikawaambia wote wanyamaze, mtu asikohoe, maana sauti inaharibu kipimo, na naapa watu wale, ambao hawajawahi kunyamaza hata mazikoni, walinyamaza. Mume wangu akasimamishwa kuelekea kibla, akafumba macho, akapiga hatua. Nilisikia kandambili zake tu. Alipomaliza, alikuwa kibla, hakupungua wala hakuzidi. Vigelegele vikapasuka. Kwa watu wetu mtu akifumba macho akageukia kibla mwenyewe, hicho si kipimo tena, ni kiapo. Mwenyekiti akainua mkoba juu. "Mizani imepona!"

Mume wangu akaenda kwenye mizani yake. Alinyoosha mkono kulishika lile jiwe la kusogeza, akausitisha. Akaitazama mizani. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama tena. Mimi nikadhani nyumba imeanza kuzunguka.

"Mwenyekiti," alisema, "mizani imeinama."

Ilikuwa kweli. Sakafu ya ghala ilikuwa imetitia upande wa kushoto, na mizani ilikuwa imetitia nayo. Ule mkono wa shaba, ambao bila mzigo ulipaswa kukaa katikati, ulikuwa umelala chini kabisa, ukisubiri korosho za bure uinuke. "Miaka yote hii niliiona imenyooka," mume wangu aliwaambia. "Kumbe tulikuwa tumeinama pamoja."

Mwenyekiti akawageukia wenzake, akashusha sauti kwa masikitiko. "Masikini. Kizunguzungu kimemrudia."

Akasimama bibi mmoja mkulima, wa vijiji vya kandokando ya Ruvuma, ambaye watu wake walivuka zamani kutoka ng'ambo. Alikuwa amekalia gunia lake. "Ntu nshampima, nkaona nzima," alisema kwa lafudhi ya kwao. "Haya, pimeni na hicho chuma."

"Mama," mwenyekiti akamjibu kwa upole, "huu ni ugonjwa wa sikio. Chuma hakina masikio. Kitauguaje?"

Watu wakacheka. Wakulima wenyewe walicheka, wale wale ambao miaka yote walisema mizani inakula. Walikuwa wameshapiga vigelegele, na mtu akishapiga kigelegele haoni raha kukirudisha. Mume wangu akasema hatapima gunia la mtu juu ya mizani ile. Mwenyekiti akasema basi arudi hospitali akapimwe tena, na kwa muda huo akae kijana mwingine, ambaye alikuwa karibu sana, kama vile alishaambiwa asiende mbali. Tulikwenda kwa miguu. Nilikuwa na hasira na kila mtu mwenye macho.

Daktari alimpima, akampima tena. Safari hii hakuhitaji ramani. "Kibla!" alisema mwenyewe, akapiga makofi. Akaniambia chumvi kidogo sasa ruksa. Mume wangu alijaribu kumweleza habari ya mizani ya ghalani, lakini kwa daktari neno lile lilikuwa na maana moja tu, aliyoipata kwenye kamusi, na furaha ilikuwa imemzidi. Akamshika mabega. Sikio lilikuwa linasikia sasa, ila desturi ya kupaza sauti ilikuwa imeshamkaa daktari.

"Bwana Karani!" alipaza. "Mizani yako ni nzuri! Nzuri kabisa! Mtwara nzima hakuna mizani nzuri kama hii!"

Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mtu barazani akiwaambia wenzake, "Mmesikia? Daktari kasema. Mizani nzuri." Wakainuka, wakajifunga, wengine hawakusubiri hata dawa. Alasiri foleni ya magunia ilikuwa imetoka nje ya ghala mpaka barabarani, na yule kijana akitamka uzito kwa sauti nzuri. Hakuondoka tena pale. Mume wangu akaambiwa kwamba mtu anayeona mizani imeinama hawezi kuwa karani wa mizani, na hilo, ukilifikiri, lina akili zake.

Jioni nilipika changu wa nazi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikatia chumvi. Nilikuwa na hasira, nikatia kwa mkono wa hasira. Nikamwekea sinia. Alikula tonge moja.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Haijazidi," nikamjibu. "Mwaka mzima hujaijua chumvi. Ulimi wako ndio umeharibika."

Hakubishana. Aliweka mkono kando ya sinia akanitazama, na nilikuwa nimeuona mtazamo ule asubuhi, ghalani, akimtazama mwenyekiti. Nikakata tonge, nikachovya kwenye mchuzi, nikaonja.

Ilikuwa imezidi.